Namna ya kusoma kazi za wapiga picha wakubwa: niliyojifunza kwa kukaa miaka miwili na picha za Seydou Keïta

Ndugu zangu wapiga picha, na nyinyi mnaopenda picha ingawa hamzipigi, salaam kwenu.

Uzi huu nimekuwa nikiuahirisha kwa muda mrefu, na sasa nauandika kwa sababu ya kijana anayejifunza kazi katika studio yangu hapa Tanga. Wiki iliyopita alinionesha simu yake akiwa amehifadhi humo picha zaidi ya mia nne za mabingwa wa dunia, akaniuliza ni ipi inayofaa tuige. Nilimwomba aizime simu, kisha anieleze picha yoyote moja aliyoikumbuka: mwanga ulitoka upande gani, mikono ya mtu ilikuwa wapi, na nyuma yake palikuwa na nini. Hakuweza kueleza hata moja. Sikumlaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikaa miaka kumi katika kazi hii nikiwa hivyo hivyo, nikizitazama kazi za wakubwa kama mtu anayetazama nje kupitia dirisha la basi.

Nina hakika kwamba kazi ya mpiga picha mkubwa haisomwi kwa kupitia picha zake nyingi kwa haraka. Inasomwa kwa kuirudia picha moja hadi ujue aliipigaje, alikuwa na vifaa gani, nani alimlipa, na ni mambo gani angeweza kuyafanya lakini akayaacha. Asiyefika hapo huchukua kile kinachoonekana kwanza, yaani rangi au kitambaa, akakipachika kwenye picha zake na kudhani amejifunza.

Mimi nilimchagua Seydou Keïta wa Bamako, Mali, kwa sababu alikuwa na studio ya mtaani kama yangu, na wateja wake walikuwa watu wa kawaida waliotaka picha ya kuweka nyumbani au kuwapelekea jamaa zao. Alizaliwa mnamo mwaka 1921, akakulia katika useremala, akapewa kamera ndogo na mtu wa familia yake aliyerejea kutoka Senegali mwaka 1935, na mwaka 1948 akafungua studio yake mwenyewe. Kamera yake ya studio ilikuwa kubwa, ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, yenye kutumia negativi (filamu ambayo picha yake imegeuzwa, cheusi kikaonekana cheupe) za sentimita 13 kwa 18. Mali ilipata uhuru mwaka 1960, na miaka michache baadaye yeye akawa mpiga picha wa serikali na studio ikafungwa. Kwa hiyo takriban kila picha yake tunayoistaajabia ilipigwa katika kipindi cha miaka kama kumi na mitano, mahali pamoja, nyingi zikiwa zimepigwa uani kwa mwanga wa mchana. Nilipolijua hilo nilipata moyo, kwa sababu ua ninao, na mchana wa Tanga hauna upungufu wa mwanga.

Nianze na kitambaa, kwa kuwa ndicho kinachoigwa kuliko vyote. Katika picha zake nyingi nyuma ya mteja pameningʼinizwa kitambaa chenye maua au nakshi, na mteja naye amevaa vazi lenye nakshi nyingine, hata mtu anaonekana kana kwamba anachomoza kutoka ndani ya maua. Leo ukiingia katika studio nyingi, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, utakuta kitenge kimetundikwa ukutani na mteja amevalishwa kitenge. Keïta mwenyewe alieleza kwamba kitambaa chake cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake lenye matamvua, kwamba alikibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, na kwamba kupatana kwa nakshi za nyuma na za nguo kulikuwa jambo la bahati tu. Mabadiliko hayo ya kitambaa ndiyo yaliyomsaidia baadaye kukumbuka picha ipi ni ya mwaka upi. Nilipolitambua hilo niliona uzito wa kosa letu: tumeiga bahati yake na tumeiacha kazi yake.

Kazi yake iko wapi, basi? Nilichapisha picha kumi na mbili tu, nikazibandika ukutani mahali ninapokunywa chai, na kwa miezi kadhaa sikujiruhusu kuongeza nyingine. Jambo la kwanza nililoliona ni mabega. Mara nyingi mteja hakukaa akiikabili kamera kifua mbele kama anayepigwa picha ya pasipoti. Kiwiliwili kimegeuzwa upande kidogo, na uso umerudishwa kuielekea lenzi, hivyo kwamba mtu anaonekana amegeuka kwa hiari yake mwenyewe ili akutazame. Jambo la pili ni mikono. Ichukueni ile picha yake maarufu ya kijana mwenye suti nyeupe, tai na miwani mizito, aliyeshika ua moja. Kwa muda mrefu nilimtazama yule kijana usoni tu. Siku niliyofunika uso wake kwa kipande cha karatasi, ndipo nilipoona jinsi vidole vinavyolishika lile ua kwa uangalifu, bila kulibana. Baada ya hapo nikawa nafunika uso katika kila picha, na mikono ikaanza kunisomesha. Kwa wanawake, vidole virefu vilivyonyooka vilihesabiwa kuwa uzuri, na yeye alihakikisha vinaonekana, pamoja na vito na mapambo, kwa sababu hivyo ndivyo wenyewe walivyotaka kukumbukwa.

Mfundishwa wangu alipinga akisema kwamba wateja wa Bamako walijua kupozi kuliko wa kwetu. Sivyo. Keïta alitundika picha za mfano ili mteja achague anavyotaka kukaa, lakini akiona pozi alilolichagua halimfai alimwelekeza kwenye lililo bora. Aliweka pia suti, tai, saa, kalamu, redio, hata pikipiki, kwa ajili ya asiyekuwa navyo. Hayo yote ni maandalizi yaliyofanyika kabla ya kubonyeza, na hakuna programu ya kuhariri itakayoyafanya badala yako.

Kisha lipo suala la idadi. Negativi kubwa zilikuwa ghali, na kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Niliamua kulijaribu hilo kwa Jumamosi nane mfululizo. Kila aliyekuja kwa picha ya ukumbusho nilimpiga picha zake za kawaida kama alivyolipia, lakini kwanza nilimwomba anipe nafasi ya picha moja ya uani, ambayo ningeibonyeza mara moja tu.

Jumamosi ya tatu alikuja mama mmoja wa makamo, mpika vitumbua wa jirani, aliyetaka picha ya kumpelekea binti yake aliyeko Muscat. Alikaa kwenye kigoda akiwa amenyooka kama aliyeitwa shaurini, mkoba ameukumbatia tumboni. Zamani ningebonyeza mara thelathini nikitumaini kwamba moja itatoka vizuri. Siku ile nilisimama tu kando ya kamera, nikamuuliza binti yake anafanana na nani. Akaanza kunieleza, mkoba ukateremka hadi sakafuni, akainua mkono kuurekebisha ushungi, na mkono ulipokuwa unarudi ukatua juu ya goti, vidole vimetandazwa. Nikaona hina. Ilikuwa imekoza ncha za vidole vyote, na kando yake palikuwa na pete nyembamba ya fedha iliyochakaa upande mmoja. Nilimwomba, "Mama, baki hapo hapo," nikabonyeza. Alipoitazama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hii nisafishie ndogo ya kuingia kwenye bahasha, kuna mtu anaondoka Jumatatu." Zile nyingine alizolipia hakuziulizia tena.

Hiyo bahasha ndiyo iliyonifungulia jambo la mwisho. Picha za Keïta tunazoziona leo katika kumbi za maonyesho zimechapishwa kubwa, nyeusi yake ni nzito na nyeupe yake inawaka. Mteja wa Bamako hakuipata hiyo. Alipata picha yenye ukubwa ule ule wa negativi, kwa kuwa karatasi ililazwa moja kwa moja juu ya negativi na kumulikwa, na baadhi ya picha zilitiwa rangi kidogo kwa mkono. Ilikuwa ya kushikwa mkononi. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilioneshwa New York bila jina lake, zikiandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Ni baada ya hapo alipotafutwa na kupatikana akiwa hai huko Bamako, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe jijini Paris. Alifariki mwaka 2001. Inaniuma sana kufikiri kwamba mtu aliyehifadhi maelfu ya negativi zake kwa uangalifu alitundikwa ukutani bila jina. Ndiyo maana mfundishwa wangu haruhusiwi kuhifadhi picha yoyote bila kuandika chini yake aliyeipiga, mahali na mwaka.

Mchangiaji kutoka Mombasa:

Kaka, shukrani kwa somo hili, nimelisoma mara mbili. Mimi ni mpiga picha wa harusi, na nina swali la dhati. Huyo bwana alikuwa na ua wake na mteja aliyetulia. Mimi naingia ukumbini saa tatu za usiku, taa zinabadilika rangi, ngoma inalia, bibi harusi hasimami hata nusu dakika, na shangazi zake wote wanataka picha kwa wakati mmoja. Mtu wa kazi kama yangu amsome nani?

Mwanzisha uzi:

Dada yangu, swali lako ni zuri, na jibu lake liko katika mji ule ule. Msome Malick Sidibé, aliyekuwa na studio katika mtaa wa Bagadadji hapo Bamako. Katika miaka ya 1960 alizunguka usiku kwenye dansi za vijana akiwa na kamera ndogo na flashi, akarudi studio kusafisha filamu usiku huo huo, kisha akabandika picha ndogo ndogo kwenye majalada ya karatasi na kuzipa namba, ili vijana waje kujitafuta na kuagiza nakala. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Hasselblad, tuzo kubwa ya kimataifa ya upigaji picha, na mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho ya sanaa ya Venice, kwa kazi ya maisha yake yote.

Wengi wanaijua picha yake moja, ile ya mkesha wa Krismasi wa mwaka 1963, ya kaka na dada wanaocheza, vichwa vyao vimekaribiana na macho yao yameinama. Itazame hiyo, lakini uanzie chini. Dada hana viatu. Kaka amevaa suti na viatu vyake, na dada yuko pekupeku, na wote wawili wanatazama miguu, kwa sababu hatua ndizo wanazozihesabu pamoja. Mpiga picha aliyekata picha magotini angeipoteza yote. Wewe unayepiga harusi, jiulize ni mara ngapi umewakata watu miguu wakiwa wanacheza.

Hata hivyo, nakusihi usiishie kwenye hiyo moja. Yatafute yale majalada, ambayo yamechapishwa na kuoneshwa mara nyingi, kwa sababu humo utaona usiku mzima kwa mfuatano: waliosimama mlangoni, waliokunywa soda, walioinuliwa juu, wale waliochoka. Utaona pia namna alivyosogea. Hakujificha pembeni na lenzi ndefu. Alisogea hadi vijana wakamzoea, na flashi yake ikawa sehemu ya sherehe, kiasi kwamba wengi wanaitazama kamera kama wanavyomtazama rafiki. Kwa mtu wa harusi, nadhani somo kubwa liko hapo, katika lile lisaa la kwanza ambalo sisi tunalitumia kutafuta kona nzuri, wakati yeye alilitumia kuwa mmoja wa waalikwa.

Mchangiaji kutoka Morogoro:

Shikamoo kaka. Mimi ndiyo kwanza naanza, nina kamera ya mkopo na lenzi moja ya milimita 50. Mwalimu wangu wa kwanza aliniambia nisitazame kazi za watu kabisa, maana nitakuwa kivuli chao na sitapata mtindo wangu. Je, kuna ukweli katika jambo hili?

Mwanzisha uzi:

Marahaba mdogo wangu. Namheshimu mwalimu wako, lakini katika hili sikubaliani naye, na nitakupa mfano wa mtu ambaye hakuna anayemwita kivuli. Gordon Parks, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1912, alikuwa mhudumu ndani ya treni alipokutana na gazeti lenye picha za wakulima maskini waliohama mashamba yao. Picha hizo zilikuwa zimepigwa na wapiga picha waliotumwa na serikali ya nchi yake. Zilimshika kiasi cha kumfanya akanunue kamera katika duka la vitu vya rehani. Miaka michache baadaye, mwaka 1942, akawa amejiunga na idara ile ile jijini Washington, na huko akapiga picha ya Ella Watson, mwanamke aliyefanya usafi katika jengo la serikali. Amesimama mbele ya bendera ya Marekani, ufagio mkono mmoja, na dekio kando yake.

Sasa angalia alichokifanya. Mpangilio wa picha hiyo ameuchukua waziwazi kutoka kwenye mchoro wa mchoraji Mmarekani Grant Wood wa mwaka 1930, uitwao American Gothic, ambamo mkulima mzungu amesimama wima mbele ya nyumba yake na uma wa kupindulia nyasi, na kando yake mwanamke. Wamarekani wengi waliufahamu mchoro huo. Parks aliuondoa uma akaweka ufagio, akaiondoa nyumba akaweka bendera, na swali la nani anayehesabiwa kuwa mwenye nchi likaulizwa bila neno hata moja. Hata jina la ule mchoro alilichukua. Kama angeogopa kuazima, picha hiyo isingekuwapo. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba hakuishia hapo: kwa majuma kadhaa alifuatana na mama huyo nyumbani kwake, kwa wajukuu zake na kanisani, na ukizisoma zile picha nyingine unamwona mtu kamili, mwenye sala zake na uchovu wake, nje ya ile alama iliyosimama mbele ya bendera.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiogope kuazima, ila ujue unaazima nini na unakipeleka wapi. Hiyo lenzi yako moja ni neema kwa somo hili, kwa kuwa haivuti karibu wala mbali, nayo itakulazimisha usogee kwa miguu yako. Chagua picha moja, jaribu kuipiga upya kwa mtu wa nyumbani kwenu, na usimwoneshe yeyote. Mahali utakaposhindwa ndipo penye siri ya mwenye picha.

Mchangiaji kutoka Zanzibar:

Wanangu, nimefurahi kuusoma uzi huu, lakini naomba nitie neno. Mnakwenda Bamako na Washington, na ni vyema, ila msiruke mlango wa nyumbani. Hapa kwetu Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha za watu, sherehe na mitaa zilizopigwa naye na baadaye na mwanawe Rohit ni darasa tosha. Na kabla ya hapo palikuwa na wapiga picha wengine hapa, akina Gomes. Ninyi wa bara na mwambao mnazo albamu makabatini mwenu, mmezifungua lini?

Mwanzisha uzi:

Shikamoo mzee wangu. Nimeipokea kauli yako kwa mikono miwili, kwa kuwa ni kweli niliwaacha wa nyumbani. Baada ya kuisoma nilikwenda kwa shangazi yangu, nikamwomba sanduku lake la picha. Nimetoka na moja iliyopigwa studio miaka ya 1960, ndogo, yenye kingo zilizokatwa mithili ya meno ya msumeno, na nyuma yake pana muhuri wa studio uliofifia. Shangazi, wakati huo msichana, amesimama kando ya kiti cha mkeka akiwa na gauni la mikono mifupi, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Nimekuwa nikiiona picha hiyo tangu utotoni bila kuitazama.

Nilimkabidhi mfundishwa wangu nakala yake, nikamwambia aiweke simu kando na akae nayo wiki nzima. Siku mbili za kwanza alinieleza gauni na nywele. Jana jioni alikuja akiwa amechangamka, akaniwekea kidole kwenye pazia la nyuma: kiti kina vivuli viwili, kimoja kikali upande wa kulia, na kingine hafifu, kirefu zaidi, upande wa kushoto. Alikuwa ameshachora kwenye karatasi mahali taa ya kwanza ilipokuwa, na alisema ya pili lazima iliwekwa chini zaidi, pengine juu ya meza, ili kulainisha kivuli cha shavu. Nilichukua miwani yangu nikatazama, nikaona amesema kweli. Sasa hivi ninapoandika yuko chumba cha nyuma, amekivuta kiti na kuzitoa zile taa zetu mbili za zamani, na ananiita nikasimame pale aliposimama shangazi.